Paka Mzee Si Adui wa Nyumba

Ukurasa wa Nyumba, kutoka kwetu walimu wa kujitolea

Gazeti hili linasomwa na ninyi wa kambini, na ninyi ndugu zetu mnaoishi mjini Bujumbura, ambao linawafikia kwa mkono wa msafiri, na mara nyingine linafika likiwa limefungiwa ndagala. Hata likinuka samaki, lisomeni tu.

Mwezi huu tunaongea juu ya paka. Tunajua kuna watakaocheka na kusema: "Walimu wamekosa maneno. Sisi tunatafuta unga, wao wanatuandikia habari za paka." Mna haki ya kusema hivyo. Mwezi wa tatu mwaka 2025 PAM ilipunguza mgao wa chakula cha wakimbizi hapa Burundi hadi nusu, na kila mama anajua mwenyewe namna alivyohesabu vikombe vya maharagwe. Lakini ni kwa sababu hiyo hasa paka anaingia katika ukurasa huu. Chakula kikiwa kidogo, panya mmoja anayetoboa mfuko ni mwizi mkubwa. Tena panya hali tu, anakojolea na kile anachokiacha, na mkojo wake unaweza kuleta ugonjwa. Nyumba yenye paka inalala usingizi. Nyumba isiyo na paka inasikiliza usiku kucha kinachotafuna chini ya kitanda.

Shida inaanza wakati paka huyo amezeeka. Familia kadhaa zimetuuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: tufanye nini na paka ambaye zamani alikuwa msafi, akitoka nje mwenyewe na kufukia uchafu wake, na sasa anakojoa juu ya fotei, juu ya matela, hata juu ya nguo za shule?

Nyumba moja ya Buyenzi

Tuanze na familia moja tunayoifahamu. Jina hatulitaji, na wenyewe wamekubali tuandike. Ni watu wa Uvira. Wanapanga vyumba viwili Buyenzi, si mbali na soko la Ruvumera. Paka wao, wa rangi ya majivu, aliingia nyumbani mwaka 2011, mdogo wa kuenea kiganjani. Siku zile mama alikuwa anauza mchele na unga mlangoni, na mifuko ililala ndani pamoja na watu. Paka akapewa kazi, mshahara wake vichwa vya ndagala. Kwa miaka yote hiyo hawakununua sumu ya panya hata mara moja. Watoto wanne wamekua wakimwona.

Mwaka 2025 paka huyo akaanza kukojoa juu ya fotei. Kwanza mara moja kwa juma, halafu karibu kila siku. Wakampiga, akaendelea. Wakamsugua pua kwenye mkojo, akakimbilia chini ya kitanda, akakojoa huko pia. Jirani mmoja akasema ni mkosi, mwingine akasema ni paka wa kutumwa. Siku ya kodi mwenye nyumba akasimama mlangoni, akashika pua, akasema: "Mwisho wa mwezi harufu hii nisiikute. Ama paka, ama ninyi."

Kwa mkimbizi wa mjini neno hilo si mchezo. Ukipoteza chumba unaanza yote upya: kodi ya kutanguliza, majirani wasiokujua, shule iliyo mbali, na kueleza tena wewe ni nani na karatasi zako ziko wapi.

Papa wa nyumba akaamua: mfuko, kamba, mto Ntahangwa. Akasema kwa sauti, watu wote wakiwa wamekaa: "Kitu kimezeeka, kazi hakifanyi tena, kinakojoa ovyo, kinataka kutufukuzisha. Kitoke!" Papa huyo si mtu mbaya. Alikuwa ni mtu mwenye kodi ya kulipa.

Koko yao, yaani mama mzazi wa papa, alikuwa pale pale kwenye mkeka, anachambua mchele. Hakusema kitu.

Siku chache baadaye binti wa nyumba, wa miaka 13, akabaki nyuma baada ya masomo ya jioni. Akasema: "Mwalimu, koko hanywi tena chai. Hata maji hanywi. Anasema hana kiu, lakini midomo yake imekauka." Tukaenda kusalimia. Mama wa nyumba akakaa na mkwe wake peke yao kwa muda mrefu, na mwisho neno likatoka.

Koko amepita miaka 70. Usiku mlango unafungwa kwa komeo kwa sababu ya wezi, choo kiko nje mwisho wa ua, na mara nyingine hafiki. Mara mbili alisinzia juu ya fotei akaamka imelowa. Asubuhi wote walisema ni paka, na yeye alinyamaza. Sasa aliposikia habari ya mfuko na mto, alielewa kwa namna yake. Akaamua kuacha kunywa kitu chochote kuanzia saa sita mchana, ili fotei ibaki kavu.

"Paka alikuwa ananibebea aibu yangu," alimwambia mkwe wake.

Papa alipoambiwa alikaa kimya. Halafu akamwendea mama yake, akapiga magoti mbele yake, akasema: "Mama, mimi nilisema juu ya paka." Koko akajibu: "Najua, mwanangu. Lakini mimi pia nimo ndani ya nyumba hii."

Siku hiyo mfuko ulirudi kwenye kazi yake ya kubeba makaa. Koko alipata ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda chake, na pazia la kitenge. Paka alipata beseni la mchanga karibu na mlango. Fotei zilifuliwa kwa njia tutakayoieleza hapa chini. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alikuja, akavuta pumzi mara mbili, akahesabu pesa zake, akaenda.

Si jeuri, ni uzee

Tulimuuliza daktari wa mifugo mmoja wa hapa mjini atueleze. La kwanza alilotuambia ni hili: paka hakojoi kitini ili kumkomoa mtu. Ukimpiga au kumsugua pua, anachojifunza ni kukuogopa, na paka mwenye hofu anakojoa zaidi, tena mafichoni ambako utachelewa kuona.

Watoto wa darasa wafanye hesabu hii. Mwaka wa kwanza wa paka ni kama miaka 15 ya mtu. Mwaka wa pili unafikisha kama 24. Baada ya hapo kila mwaka wake ni kama minne yetu. Paka wa Buyenzi mwaka 2025 alikuwa na miaka 14. Basi 12 mara 4 ni 48, ongeza 24, unapata 72. Yeye na koko ni wa rika moja.

Uzee huo unamletea paka mambo mengi, na kila jambo lina dalili zake:

1. Figo. Huu ni ugonjwa wa paka wazee wengi. Anakunywa maji mengi, anakojoa mengi, anakonda, manyoya yanakosa mng'ao. Ugonjwa wa sukari unafanana na huo. Na kuna tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi: paka anakula sana na bado anakonda.

2. Viungo. Magoti na mgongo vinauma. Alikuwa anatoka kwa kuruka dirishani, sasa hawezi. Ukimwona anapima kabla ya kuruka, au anapanda kitini kwa kujivuta, ujue maumivu yapo. Hakuchagua fotei kwa dharau. Fotei ni mahali laini alipoweza kufika.

3. Njia ya mkojo. Anachuchumaa mara nyingi, yanatoka matone tu, analia, au mkojo una damu. Kwa paka dume hii ni hatari kubwa. Mkojo ukiziba kabisa anaweza kufa kwa siku mbili au tatu. Hapo si wakati wa kusubiri.

4. Akili na macho. Paka mzee anaweza kusahau, kupotea ndani ya chumba kimoja, kulia usiku bila sababu. Anayeishi na mzee hahitaji maelezo zaidi.

5. Woga. Paka mgeni wa jirani, mbwa uani, mtoto mchanga, kuhama nyumba. Sisi tunaojua kuhama tusishangae.

Kuna jambo lingine tusilichanganye na hayo. Paka dume ambaye hakuhasiwa anasimama, anainua mkia, anautetemesha, na kurusha mkojo kidogo ukutani. Huyo anaweka alama ya mipaka yake, hata akiwa kijana. Kumhasi kwa daktari kunapunguza tabia hiyo kwa madume wengi. Anayechuchumaa na kuacha dimbwi juu ya kitambaa ni shida nyingine.

Kwa nini harufu hairudi nyuma

Mababu wa paka ni paka-mwitu wa nchi kavu za Afrika ya kaskazini na Mashariki ya Kati. Urafiki wao na watu ulianza wakati watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, kwa sababu nafaka ilileta panya. Huko kisiwa cha Kupro wachimbaji walikuta paka amezikwa karibu na mtu katika kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004. Basi kazi ya paka wa Buyenzi ni kazi ya zamani sana.

Mnyama wa nchi kavu anatunza maji mwilini, na kwa hiyo mkojo wake ni mzito. Ukikaa kitambaani, vijidudu vinaugeuza kuwa amonia, na harufu inapanda siku ya pili kuliko ya kwanza. Pia kuna chumvi zake ambazo maji matupu hayaziondoi vizuri. Zinakauka ndani ya sponji, unafikiri umeshinda, halafu mvua za mwezi wa kumi na moja zinaleta unyevu na harufu inafufuka. Paka akiisikia anasema moyoni: "Kumbe choo changu ni hapa." Anarudi pale pale. Kwa hiyo kusafisha vizuri ndiyo nusu ya dawa.

Namna ya kusafisha

Vitu vyote hivi mnaweza kuvipata sokoni bila kuvunja mfuko.

Kwanza, usisugue. Weka kitambaa kikavu, simama juu yake, kinyonye. Rudia mpaka kitambaa kitoke kikavu.

Pili, mwagia maji ya baridi kidogo, unyonye tena. Halafu sabuni ya kufulia na maji, usuuze vizuri.

Tatu, changanya siki kipimo kimoja na maji vipimo viwili, ulowanishe mahali pale mpaka ndani kwenye sponji, maana mkojo ulifika ndani. Acha robo saa, nyonya. Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, rangi isije ikatoka.

Nne, jua. Toa fotei au matela nje tangu asubuhi, geuza mchana, rudisha jioni. Katika miezi ya kiangazi, wa sita hadi wa tisa, jua la Bujumbura ni fundi asiyedai malipo.

Tano, kikisha kukauka, kata kipande cha shitingi, tandika juu ya kiti, funika na kitenge. Kitenge kinafuliwa, shitingi inapanguswa, sponji inabaki salama. Fanya hivyo kwa matela pia.

Angalizo: msimwage klorini juu ya mkojo ndani ya chumba kilichofungwa. Klorini ikikutana na amonia ya mkojo inatoa hewa inayochoma macho na mapafu, na chumba chenyewe mara nyingi ndimo mtoto analala. Msichanganye klorini na siki pia. Na dawa za usafi zenye amonia hazifai, kwa sababu kwa pua ya paka zinanuka kama mkojo wa paka mwingine.

Choo cha paka mzee

Chukua beseni la zamani, au bidoni iliyopasuka, ukate upande mmoja uwe chini, kama upana wa vidole vitano tu, ili asihitaji kuruka. Ziba makali yasimkate. Weka mchanga mkavu, au unga wa mbao kutoka kwa seremala. Majivu ya moto au mapya yasitumike, yanachoma nyayo. Weka karibu na mahali anapolala, lakini mbali na chakula chake. Na kama amechagua kona moja, usibishane naye: weka beseni kwenye kona hiyo, halafu baada ya majuma uisogeze kidogo kidogo.

Toa uchafu kila siku. Paka mzee akikuta beseni chafu atarudi kwenye fotei, na hatutamlaumu.

Maji msimnyime! Hili tunaliandika kwa nguvu kwa sababu tumesikia watu wakisema: "Ukipunguza maji, mkojo utapungua." Paka mwenye figo mbovu anakojoa sana kwa kuwa figo haziwezi kuyashika maji. Ukimnyima, atakauka na kufa, na kabla ya kufa ataendelea kukojoa. Ukiweza, mpe ndagala zilizolowekwa kwenye maji, chumvi ikitolewa. Meno yake pia yatakushukuru.

Mambo ya kulinda afya ya nyumba

Mama mjamzito asisafishe beseni la paka. Kuna kidudu kinachoitwa toksoplasma, kinaweza kupita katika kinyesi cha paka na kumdhuru mtoto tumboni. Kidudu hicho kinahitaji siku moja au zaidi nje ndipo kiweze kuambukiza, kwa hiyo kutoa kinyesi kila siku kunalinda watu wote. Anayesafisha anawe mikono kwa sabuni. Mchanga wanaochezea watoto ufunikwe usiku, mboga mbichi zioshwe, nyama iive kabisa.

Paka akimng'ata mtu au kumparura, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kinaweza kuwapata paka pia, na dawa yake inafaa kabla ya ugonjwa kuanza. Baada ya hapo hakuna tena.

Msimpe paka dawa za watu. Parasetamoli, ambayo kwetu inashusha homa, inaua paka hata kwa kidonge kimoja. Msimwogeshe kwa dawa ya viroboto ya mbwa. Na msichanganye paka na sumu ya panya katika nyumba moja. Paka mzee hashiki tena panya mzima, anaokota aliyelegea, na aliyelegea ndiye aliyekula sumu.

Na wanaosema ni uchawi au ni haramu?

Juu ya uchawi tunasema hivi: kinachokonda, kinakunywa sana na kukojoa sana kina ugonjwa unaojulikana. Hakuna mchawi anayehitaji fotei yako.

Juu ya dini, Buyenzi ni mtaa wenye Waislamu wengi, na wengine wametuuliza. Mashehe wanafundisha kwamba paka mwenyewe si najisi, maana Mtume alimhesabu kati ya wale wanaozunguka ndani ya nyumba zetu, na kuna hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula mpaka akafa. Lakini mkojo wake ni najisi, kwa hiyo mkeka wa swala uoshwe, au utundikwe juu. Wakristo nao wasome Mithali 12:10, wataona mwenye haki anapimwa pia kwa namna anavyomjali mnyama wake. Katika nyumba zote mbili kazi ni moja: mkojo uoshwe, mnyama asiteswe.

Kama hakuna njia tena

Tuseme ukweli. Kuna wakati paka anaumwa sana, hali, hasimami, au familia imefika mwisho wa uwezo. Hapo mfuko na mto si jibu. Kumtupa sokoni Ruvumera au kwenye matete ya Rusizi si jibu pia. Paka mzee hajui kupigania chakula na vijana wa sokoni, atakufa polepole kwa njaa. Muulizeni daktari wa mifugo. Kuna sindano ya kumlaza paka bila maumivu. Kama pesa hazipo, ulizeni majirani kama wapo watakaochanga, au mtengee kona uani, kwenye boksi lenye kitambaa, maji na kivuli, akae mpaka siku yake. Watoto waambiwe ukweli, wasidanganywe kwamba amesafiri. Watoto wetu wameona watu wengi "waliosafiri".

Na mwenye nyumba? Msimfiche. Mpelekeni mkubwa wa nyumba kabla ya siku ya kodi, amwonyeshe beseni, shitingi na fotei iliyoanikwa. Anayeona kazi inafanyika hasira yake inapungua. Tumeona hivyo zaidi ya mara moja.

Neno letu kwa wazazi

Wengi wetu tulivuka mpaka kwa haraka, wengine mwaka 1996, wengine 2004, wengine mwaka 2025 kwa kuuvuka mto Rusizi usiku, maji yakiwa shingoni. Siku hizo watu walichagua nani wa kubeba na nani wa kumwacha. Wazee wetu wanakumbuka hesabu hiyo vizuri kuliko sisi. Kwa hiyo ukisema ndani ya nyumba, hata juu ya paka, kwamba kilichozeeka na kulowesha kiti kitupwe, usidhani ni paka peke yake anayesikia.

Mzee anayelowesha nguo hafanyi kwa kusudi, na si mtoto wa kukaripiwa. Mara nyingine kuna ugonjwa unaotibika: mkojo unaochoma, homa, sukari, au mzee anayeanza kuchanganyikiwa ghafla. Apelekwe kituo cha afya. Nyumbani awekewe ndoo karibu, taa ndogo, njia isiyo na vitu vya kumkwaza, na shitingi chini ya shuka. Amwambie mmoja tu, binti au mkwe, na huyo atunze siri. Na anywe maji. Mzee anayejinyima maji kwa aibu anaweza kuanguka kwa kizunguzungu, na mkojo wake mzito utamchoma zaidi.

Kazi ya nyumbani ya mwezi huu, kwa wanafunzi wote wa kambini na wa mjini, ni maswali matatu. Moja: pigeni hesabu ya umri wa paka wenu, au wa jirani. Mbili: waulizeni wazee ni mnyama gani aliwasaidia zamani, na aliishia wapi, andikeni nusu ukurasa, mtuletee. Tatu, na hili lifanyike leo kabla ya kulala: mpeni mzee wa nyumba kikombe cha maji kwa mikono miwili, mkae naye mpaka akimalize.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.